Kisima Kikavu ni Mali ya Umma

Kusini mwa jiji la Munich, nchini Ujerumani, ipo miji miwili ambayo wapangaji wetu wa nishati wangepaswa kuijua kwa majina. Wa kwanza ni Unterhaching. Mwaka 2004 mafundi walichoronga hapo kisima hadi kina cha takriban mita 3,350, wakakuta maji ya nyuzi 122 za Selsiasi, tena kwa wingi uliowezesha kuvuta hadi lita 150 kwa sekunde. Maji hayo yakawa chanzo cha kupasha joto nyumba za mji huo. Wa pili ni Geretsried, mwendo usiofika kilomita 30 kutoka wa kwanza. Mwaka 2013 kisima kilishushwa huko kwa kina kikubwa zaidi, katika mwamba wa umri uleule, na joto lililokutwa lilikuwa kali kuliko la Unterhaching. Kilichokosekana ni maji. Mwamba ulikuwa wa moto, lakini haukupitisha maji ya kutosha kuendesha biashara yoyote.

Swali la kwa nini mwamba mmoja utoe na ndugu yake anyime si la wanajiolojia peke yao. Ni swali la bajeti, la sheria, na la haki ya raia kujua. Katika makala haya ninadai jambo moja: kwamba kwenye hodhi la jotoardhi lililomo ndani ya miamba ya chokaa, ujuzi wa kweli unakaa ndani ya visima, na hasa ndani ya visima vilivyoshindwa. Taifa linaloruhusu kumbukumbu za visima hivyo zifungiwe kabatini linajiandalia visima vikavu vya kesho, kwa fedha ya watoto wake. Ili hoja hii isimame, sharti kwanza niueleze mwamba wenyewe. Namwomba msomaji asiyeipenda kemia anivumilie, kwa kuwa gharama tunazozijadili zinatokana na kemia.

Jiwe la chokaa linalolisha viwanda vyetu vya saruji kwa sehemu kubwa ni madini ya kalsiti, yaani kalsiamu iliyofungamana na kaboneti. Dolomiti ni jamaa yake wa karibu. Tofauti ni kwamba ndani ya fuwele ya dolomiti nusu ya nafasi za kalsiamu zimekaliwa na magnesiamu, kwa tabaka zinazopokezana moja baada ya nyingine. Jina hilo linamkumbuka Déodat de Dolomieu, mwanajiolojia Mfaransa aliyelieleza jiwe hilo mwaka 1791. Sehemu kubwa ya dolomiti tunayoikuta leo haikuzaliwa dolomiti. Ilianza kama chokaa ya kawaida. Kisha maji yenye magnesiamu, ama ya bahari ama ya vilindi vya ardhi, yakapenya ndani yake kwa muda mrefu, yakiyeyusha kalsiti na kuweka dolomiti mahali pake.

Badiliko hilo ndilo linaloamua kama kisima kitatoa au kitanyima. Ikiwa magnesiamu inabadilishana tu na kalsiamu, fuwele mpya inachukua nafasi ndogo kuliko ile ya zamani, kwa tofauti ya takriban asilimia 12 hadi 13 kwa hesabu ya karatasini. Nafasi iliyobaki inaweza kuwa tundu la kupitisha maji. Zaidi ya hayo, dolomiti ni ngumu kuliko chokaa, na inapozikwa chini ya maelfu ya mita za mashapo hustahimili zaidi kubanwa, hivyo matundu yake hudumu pale ambapo ya chokaa yangekwisha kufungwa. Lakini maji yaleyale yakiendelea kuleta magnesiamu na kaboneti kutoka nje, dolomiti mpya huota ndani ya matundu hayo hadi ikayaziba. Mwamba unaoitwa dolomiti katika ramani moja unaweza basi kuwa ghala la maji ya moto au ukuta mkavu. Neno lililoandikwa kwenye ramani halitoshi kutofautisha.

Katika bonde la mashapo la kusini mwa Bavaria, mwamba unaohusika unaitwa Malm, nao ulitandikwa chini ya bahari katika zama za Jurasiki. Bahari hiyo haikuwa na sakafu ya aina moja. Palikuwa na miamba mikubwa iliyojengwa na sifongo na vijidudu, na kati yake palikuwa na madimbwi ambamo matope ya chokaa yalitulia tabaka kwa tabaka. Baadaye, sehemu nyingi za ile miamba ya sifongo ziligeuka dolomiti na kubaki na matundu. Matabaka ya matope kwa kawaida yalibaki mazito na mabana. Kuelekea kusini-magharibi chokaa inakuwa nyeusi na iliyoshikamana kabisa. Huko Mauerstetten, katika eneo hilo, kisima kilichochorongwa kwa matumaini makubwa hakikupata maji ya kutosha. Mwamba huo mmoja unaonekana juu ya ardhi karibu na mto Danube, kisha unainamia kusini hadi kuzama zaidi ya mita 5,000 karibu na milima ya Alps. Kadiri unavyozama joto linapanda, na uwezekano wa maji kupita unapungua. Mwekezaji anayekimbilia joto anajiongezea hatari ya kukosa maji, na bado hakuna kanuni nyepesi ya kumwambia wapi asimame.

Kama kutabiri dolomiti kungekuwa kazi nyepesi, sayansi ingekuwa imeimaliza zamani. Mtaalamu wa Marekani, Lynton Land, alijaribu kutengeneza dolomiti katika maabara kwenye joto la nyuzi 25, akitumia maji yaliyoshiba malighafi yake mara 1,000 kupita kiasi cha kutosha. Alisubiri miaka 32. Haikutokea hata chembe. Mwaka 1998 aliyachapisha matokeo hayo, na kichwa cha makala yake kikakiri kushindwa waziwazi. Ilipofika mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Hokkaido walieleza sababu katika jarida la Science. Dolomiti inapokua, kalsiamu na magnesiamu huangukia nafasi zisizo zao, na uso wa fuwele unajaa makosa yanayozuia tabaka linalofuata. Maji yanayobadilika badilika, mara yakiweka na mara yakiyeyusha, huyaondoa makosa hayo kwanza, kwa sababu atomi zilizokaa vibaya ndizo rahisi kuyeyuka. Mzunguko huo ukirudiwa mara nyingi, fuwele inapata mpangilio na kukua.

Nimemtaja Land kwa makusudi. Miaka 32 ya kushindwa, iliyoandikwa na kuchapishwa, ilikuwa sehemu ya msingi ambao waliofuata waliujengea. Angeificha kwa kuona haya, au mfadhili wake angeifungia kwa kisingizio cha siri ya biashara, swali lingebaki bila alama ya njia isiyopitika. Sasa tujiulize: kisima cha Geretsried kina tofauti gani na jaribio lile, isipokuwa kwamba kiligharimu zaidi?

Kuundwa kwa dolomiti ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kuyeyuka. Baada ya bahari ya Jurasiki kurudi nyuma, mwamba wa Malm ulikaa juu ya nchi kavu katika zama za Kretasia, ukanyeshewa na mvua. Maji ya mvua yanayobeba hewa ya ukaa ni asidi dhaifu, na asidi dhaifu ikipewa muda inatafuna chokaa hadi ikaacha mapango. Anayetaka kuona kazi hiyo kwa macho hahitaji kupanda ndege. Aende Tanga, kwenye mapango ya Amboni, ambayo yamechimbwa na maji ndani ya chokaa ya zama hizohizo za Jurasiki. Huko Bavaria mifereji ya namna hiyo ilizikwa chini ya mashapo mapya, na visima vingine vya leo vinavuta maji kupitia njia zilizofunguliwa na mvua ya kale. Nyufa zilizoletwa na msukumo wa milima ya Alps ziliongeza njia nyingine.

Kuyeyuka huko hakukukoma siku mtambo ulipozinduliwa. Katika mfumo wa visima viwili, maji ya moto huvutwa kwa kisima kimoja, huachia joto lake juu, kisha hurudishwa chini yakiwa yamepoa kwa kisima cha pili. Kalsiti ina tabia ya kinyume na sukari ya chai: huyeyuka zaidi katika maji baridi kuliko ya moto. Maji yaliyopozwa yanaporejea mwambani yana njaa ya chokaa, na huanza kuila kuzunguka kisima. Dolomiti nayo huliwa, lakini polepole zaidi. Ndiyo maana baadhi ya visima vya kurudishia maji huko Bavaria vimekuwa vikipokea maji kwa wepesi zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Upande wa kisima cha kuvutia mambo hugeuka. Shinikizo likishuka ndani ya pampu, hewa ya ukaa hutoka majini kama povu la soda iliyofunguliwa, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda kwenye chuma. Gamba hilo, mfano wa lile tulionalo ndani ya birika, limewahi kuua pampu za thamani kubwa zilizowekwa chini ya mamia ya mita. Hapa kwetu, chemchemi za maji moto za Songwe zinafanya kazi hiyohiyo bila pampu: hewa ya ukaa inatoka, na mawe ya travatini yanajengeka kandokando.

Nimeyaeleza haya ili nifike kwenye jambo la utawala. Hodhi la namna hii si tangi linalopimwa mara moja na kuandikiwa ujazo wake. Lilijengwa na kubomolewa mara nyingi kabla ya mwanadamu, na linaendelea kubadilika kila saa ya uzalishaji. Vipimo vya mitetemo vinavyofanywa juu ya ardhi vinaweza kuonyesha ufa mkubwa na umbo la mwamba wa sifongo. Haviwezi kuthibitisha kama matundu ya dolomiti yako wazi au yamezibwa, wala kama ufa uliochorwa kwenye ramani unapitisha maji. Huko Geretsried walijaribu tena mwaka 2017: tundu la pembeni lilichorongwa kutoka kisima cha awali, chini ya mradi wa utafiti ulioitwa Dolomitkluft, likilenga nyufa ndani ya dolomiti. Maji ya kutosha kwa biashara hayakupatikana safari hiyo pia. Mwenye neno la mwisho ni kisima.

Basi, ikiwa kisima ndicho shahidi, ni sheria gani ya akili inayoturuhusu kuwasikiliza mashahidi wa upande mmoja? Ramani iliyochorwa kwa visima vilivyofanikiwa pekee ni ramani ya uongo. Itaonyesha kwamba dolomiti hutoa maji, kwa sababu dolomiti iliyonyima haikuandikwa. Mwekezaji wa pili ataisoma, ataiamini, na atachoronga palepale alipolia wa kwanza. Kisha atakwenda serikalini kuomba msamaha wa kodi.

Historia ya Bavaria yenyewe inanipa ushahidi. Mwaka 1938 wachorongaji waliokuwa wakitafuta mafuta mahali panapoitwa leo Bad Füssing walikuta maji ya moto badala yake. Mwaka 1983 kampuni ya mafuta ilichoronga karibu na Erding, kaskazini-mashariki mwa Munich. Ikatoka na maji ya nyuzi 65 kutoka kina cha zaidi ya mita 2,300. Kwa hesabu za mafuta, hivyo vilikuwa visima vya hasara. Leo Erding ina mtandao wa kupasha joto majumba na bwawa la kuogea linalovuta wageni wengi, na chanzo chake ni kisima kile kilichoshindwa. Kazi ya miongo kadhaa ya kutafuta mafuta na gesi ndiyo iliyowaonyesha Wabavaria mahali Malm ilipo, kina chake na joto lake. Mwaka 2004 serikali ya jimbo ilichapisha atlasi ya jotoardhi, na hivi sasa zipo zaidi ya mitambo 20 ya jotoardhi ya kina kirefu katika jimbo hilo. Jiji la Munich limejiwekea lengo la kupasha joto majumba yake bila kuchafua hewa kwa hesabu ya jumla ifikapo mwaka 2040, likitegemea kwa sehemu kubwa maji hayo.

Wapo watakaonijibu kwamba data ya kisima ni mali ya aliyelipia. Hoja hii ina uzito na sitaidharau. Aliyetoa fedha zake na kubeba hatari anastahili muda wa kunufaika kabla jirani hajaja kunakili. Lakini muda si milele. Nchini Uholanzi, chini ya sheria ya madini iliyoanza kutumika mwaka 2003, data za visima huwekwa wazi kwa umma baada ya miaka mitano, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Ujerumani nayo ilipitisha mwaka 2020 sheria ya data za jiolojia inayolazimisha vipimo vya ardhini kukabidhiwa kwa dola, na sehemu yake kufunguliwa kwa umma baada ya muda uliowekwa. Hizo ni nchi za kibepari, zenye makampuni yanayojua kudai haki yake mahakamani. Zimeona kwamba siri isiyo na mwisho inamlinda mmoja na kuwatoza wote.

Wengine watasema kuwa uwazi utawatisha wawekezaji. Ningependa kuonyeshwa mwekezaji makini anayevutiwa na giza. Mkulima wa nyanya wa Bleiswijk, Uholanzi, alipoamua mwaka 2007 kupasha joto vibanda vyake vya kilimo kwa maji ya ardhini, alikuwa anachoronga katika mwamba ambao tayari ulikuwa umetobolewa na watafuta mafuta, nao ulikuwa wa mchangamawe, si chokaa. Wenzake walimfuata kwa sababu kilichokuwa chini kilijulikana. Upande wa chokaa, nchi hiyohiyo ilipata onyo: mwaka 2018 uzalishaji wa jotoardhi kutoka chokaa ya kale karibu na Venlo ulisimamishwa kwa sababu ya mitetemo ya ardhi. Wakazi walijua kilichotokea, wasimamizi walijua, na wapangaji wa miradi mingine walijua. Kuna mwananchi gani atakayeamini mtambo chini ya mtaa wake ikiwa habari za mtambo uliotangulia zimefichwa?

Upo pia ukweli ambao watetezi wa siri huusahau: mara nyingi aliyelipia ni umma. Ufaransa, ambayo tangu mwaka 1969 imekuwa ikivuta maji ya moto kutoka chokaa ya Dogger pale Melun, ilijenga mapema miaka ya 1980 mfuko wa kufidia miradi ambayo kisima chake kingetoka bila maji ya kutosha. Kenya iliunda shirika la umma mwaka 2008 ili libebe hatari ya uchorongaji ambayo sekta binafsi ilikuwa ikiikwepa. Tangu mwaka 2012 Umoja wa Afrika, kwa msaada wa wafadhili wa Ulaya, una mfuko wa kupunguza hatari ya jotoardhi kwa nchi za Afrika Mashariki, unaotoa ruzuku kwa tafiti za juu na kwa uchorongaji. Mifuko hiyo ni jambo jema. Lakini anayepokea fedha ya umma kununulia kisima hawezi kusema matokeo ya kisima ni siri ya familia. Hasara ikibebwa na wote, basi na fundisho liwe la wote.

Sasa nirudi nyumbani, kwa tahadhari. Jotoardhi yetu ya Bonde la Ufa kwa kiasi kikubwa ni ya volkano. Olkaria ya Kenya, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, inavuta mvuke kutoka miamba ya volkano na haina uhusiano na sifongo wa Jurasiki. Tanzania ilianzisha kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2013, na macho yake yameelekea zaidi Mbeya. Hilo linaeleweka. Lakini miongoni mwa maeneo yaliyoorodheshwa lipo pia Luhoi, huko Rufiji, ambalo limo ndani ya bonde la mashapo la pwani, mbali na volkano yoyote hai. Pwani yetu ina chokaa, ina mchangamawe, ina chemchemi za maji ya vuguvugu kama zile za Amboni, na imetobolewa na watafuta mafuta kwa zaidi ya nusu karne. Sisemi kwamba chini ya Tanga kuna Unterhaching. Ninachosema ni kwamba kila kisima cha mafuta kilichotoka kikavu kati ya Lamu na Mtwara kilipima kitu: kina, joto, aina ya mwamba, na kama mwamba ule ulikuwa unapitisha maji au umeziba. Kwa mtafuta mafuta hizo ni takataka za mradi uliokufa. Kwa anayetafuta maji ya moto ya kukaushia mazao, kufugia samaki au kuendeshea mitambo ya kupozea, ndizo mtaji.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alitaka kufanya jambo dogo na la manufaa: kukusanya vipimo vya joto vya visima vya zamani vya pwani na kuchora ramani moja. Alibisha hodi katika ofisi moja, akaelekezwa nyingine, akarudishwa ya kwanza. Mwishowe aliambiwa kwamba data zipo, ila hazitolewi. Hakuna aliyemtajia kifungu cha sheria kinachokataza. Hakuna aliyemtajia bei. Alibadili mada akaandika jambo jingine, akafaulu, na ramani ile haijachorwa. Sina kinyongo na mtumishi yeyote aliyemkatalia. Naamini waliogopa kutoa kitu ambacho hakuna aliyewaambia kwamba wanaruhusiwa kukitoa. Woga huo ndio ninaoushtaki, kwa kuwa umegeuka kuwa sera bila kupitishwa na Bunge.

Kinachonisumbua zaidi ni upungufu wa wanaharakati wetu, na mimi nikiwamo. Tumepigania, kwa haki, uwazi wa mikataba na wa mapato. Tanzania ina sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji tangu mwaka 2015. Tunajua kudai tuambiwe kampuni imelipa kiasi gani. Hatujajifunza kudai tuambiwe kampuni imekuta nini. Tunaimba kwamba maliasili ni mali ya wananchi, kisha tunaona ni kawaida kwamba habari za maliasili hiyo ziwe mali ya kabati. Mwenye shamba asiyejua kilichomo ardhini mwake ni mwenye shamba kwa hati tu. Siku ya kujadiliana bei, anayejua ndiye atakayeipanga.

Najua pia kejeli itakayokuja: kwamba wananchi hawatazielewa data hizo. Wengi hawatazielewa, ni kweli, kama ambavyo wengi hawaelewi vitabu vya hesabu za serikali, na hatujafuta kwa sababu hiyo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Data hufunguliwa ili wachache wanaoelewa, popote walipo, waweze kuzisoma bila kuomba ruhusa ya mtu: mwanafunzi wa Dodoma, mhandisi wa kaunti ya Kwale, mtafiti wa Kisangani. Dolomiti ilihitaji zaidi ya karne mbili na vichwa vya mataifa mengi ili tuanze kuielewa. Kudhani kwamba idara moja, katika ghorofa moja, itaielewa miamba yetu peke yake ni majivuno yasiyo na ushahidi.

Ninachodai si kikubwa. Kila kisima kinachochorongwa kwa fedha ya umma, au kwa ruzuku, au kwa dhamana ya serikali, kiandikiwe masharti kwamba vipimo vyake vya msingi vitafunguliwa ndani ya miaka mitano, kimefanikiwa au kimeshindwa. Visima vya zamani vya mafuta na gesi ambavyo muda wake wa siri umekwisha viorodheshwe, na orodha hiyo ianze na kitu chepesi kama mahali, kina na joto. Mitambo inayofanya kazi itoe taarifa za kila mwaka za shinikizo, joto na kemia ya maji yake, kwa sababu hodhi linabadilika na mkataba unapaswa kulijua hilo. Na vyuo vikuu, pamoja na changu, viache kuwaadhibu wanafunzi wanaoleta matokeo hasi. Tasnifu inayothibitisha kwamba mahali fulani hakuna kitu imeliokolea taifa gharama ya kwenda kupahakikisha upya.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma makala haya akiwa na funguo za kabati mfukoni: huenda hakuna sheria inayokukataza. Muulize mwanasheria wa ofisi yako wiki hii, na umwombe akujibu kwa maandishi. Kwa mwanafunzi: omba data, omba kwa barua, na ukikataliwa omba sababu iliyosainiwa, kisha uihifadhi barua hiyo, nayo ni data. Huko Geretsried hadithi haikuishia kwenye kisima kikavu. Tangu mwaka 2023 kampuni nyingine imekuwa ikichoronga hapo kwa teknolojia isiyohitaji mwamba kutoa maji. Maji huzungushwa ndani ya mabomba ya chini kwa chini yaliyofungwa, yakichota joto la mwamba peke yake. Walichagua mahali hapo wakijua kwa hakika mambo mawili: kwamba joto lipo, na kwamba maji hayapo. Yote mawili waliambiwa na kisima kilichoshindwa, kwa sababu yupo aliyekubali kuyasema.